Pumzi Kabla ya Taarifa ya Habari

3 Machi

Mdogo wangu Filimbi,

Simu yako inaita mpaka inachoka. Nimepiga juzi, jana, na leo kabla sijatia maji usoni. Mwishowe nimekumbuka kwamba mama alitufundisha kuandika, tena kwa fimbo, basi acha fimbo zile zifae kitu. Simu unaweza kuilaza kifudifudi mezani ukajifanya hukuisikia. Barua itakukodolea macho mpaka uifungue.

Pole. Najua neno hilo halitoshi. Mimi nilimsikia Shangazi Mapema redioni kama watu wote, lakini wewe ulikaa naye miaka tisa, yeye upande ule wa kioo, wewe upande huu, unamwinulia kidole aanze kusema. Asubuhi tulipopata habari, wateja wangu wawili walikuwa wamekuja kuchukua sare za watoto. Walikaa chini juu ya vitambaa wakalia. Mmoja akasema, "Lakini jana tu alituchekesha!" Mwenzake akajibu, "Angekuwa na shida angesema. Mtu mwenye mdomo kama ule?" Nilikuwa na la kujibu, nikauma uzi.

Redio yenu inasema "ametutoka ghafla". Mtaani wanasema alijiua. Nakuuliza wewe uliyekuwa karibu naye, si kwa umbea, ila nijue nikupe pole ya namna gani.

Kuna jambo lingine. Leo, kabla ya saa moja asubuhi, sauti yake imetokea tena. "Nani bado yuko kitandani? Nakuona, wewe uliyejifunika shuka! Amka!" Kisha kicheko chake kile. Nilikuwa napiga pasi suruali ya mtoto wa watu, nikaisahau pasi pale pale ikaiunguza. Mtu amezikwa juzi, anatuona vipi?

Mpwa wako anakusalimu. Ameota tena meno mawili ya mbele yaliyong'oka na sasa anataka tumwamkie yeye.

Ukishindwa kuandika ndefu, andika fupi. Na ule chakula.

Dada yako


7 Machi

Dada,

Salamu. Mimi mzima, hofu kwako.

Nisamehe kwa habari ya simu. Siwezi kuishika siku hizi. Nikiiweka sikioni, kabla mtu hajasema lolote, nasikia anavuta pumzi. Kila mtu huvuta pumzi kabla ya kusema. Zamani sikujali. Sasa nasikia hiyo tu, maneno yenyewe yananipita.

Ndiyo, alijiua. Nakuandikia wewe neno hilo kwa sababu hapa tumekatazwa kulitamka. Meneja alituita akasema tuseme "ametutoka ghafla", tupige nyimbo laini, na maswali tuyaache. Dada yake Shangazi alikuja kuchukua kikombe chake, sweta, na ndala alizokuwa akivaa studio. Ndiye aliyeniambia. Shangazi alikuwa mgonjwa wa sonona muda mrefu. Mwaka juzi alianza matibabu, yakamsaidia, kisha akaacha kwenda. Unajua kwa nini? Siku moja alifika dirishani pa mapokezi hospitalini, akataja jina lake, na foleni nzima ikageuka. Walimjua kwa sauti. Mama mmoja akasema, "Shangazi, hata wewe? Au umekuja kutuamsha?" Basi akacheka nao, akawachekesha mpaka zamu yake ikampita, akaaga, akaenda zake nyumbani. Hakurudi tena.

Ile sauti uliyoisikia si muujiza. Alirekodi vipande vingi vya salamu, na kompyuta huvipiga yenyewe kwa ratiba. Nilidhani nimevitoa vyote, kumbe vilibaki. Sasa nimevitoa. Hutamsikia tena.

Kiti chake kipo. Hakuna anayekikalia. Mtangazaji mpya, kijana ambaye tumembatiza Mrithi, ameleta stuli kutoka kantini na anatangazia hapo, magoti yakigonga meza. Feni ikiwashwa, kiti kinazunguka kidogo, kinanielekea. Mimi ndiye ninayekitazama, maana nimekaa upande wa pili wa kioo na sina pengine pa kutazama.

Nyaya za meza ya mitambo zilikuwa zimechakaa, wiki ya msiba nilizibadilisha zote mwenyewe. Kazi inasaidia. Usiwe na wasiwasi.

Mdogo wako,
Fundi mitambo


12 Machi

Filimbi,

"Mimi mzima, hofu kwako." Hayo tuliyaandika shuleni, tena mwalimu alitupa alama hata kama tulikuwa na tetekuwanga. Mtu mzima hashindwi kushika simu. Nitakuacha leo, kesho sikuachi.

Uliniahidi sitamsikia tena. Sasa nisikilize, na usinicheke. Unajua pale kabla ya taarifa ya habari, wimbo umekwisha na mlio wa habari haujapigwa, panapita ukimya mdogo? Jana saa nne, mchana mweupe, jua kali, mwuza maji anapiga kelele nje, hakuna cha kutisha duniani, katika ukimya ule nilisikia mtu anapumua. Pumzi ndefu ya mtu aliyechoka. Nikasema ni cherehani. Leo nikaondoa mguu kwenye cherehani, nikazima feni, nikasogeza sikio. Saa nne, pumzi. Saa tano, pumzi. Saa sita binti yangu aliingia kutoka shule, akasimama mlangoni na begi mgongoni, akaniuliza, "Mama, nani yuko nyuma ya pazia?"

Nyuma ya pazia hapakuwa na mtu. Nililifunua, nakwambia, mkasi mkononi, kama mkasi ungesaidia.

Jirani yangu mwuza magazeti naye kasikia. Yeye anasema Shangazi hajamaliza maneno yake. Mimi si mtu wa mambo hayo, unanijua, lakini leo nimeshona kola mbili kwenye shati moja.

Niambie ni waya. Niambie ni panya. Niambie chochote.

Na wewe, unalala? Nimekuuliza swali moja, nijibu hilo moja.

Dada yako


17 Machi

Dada,

Mimi mzima, hofu kwako.

Si waya. Wala si panya.

Hukusikia peke yako. Wasikilizaji wanapiga simu tangu wiki iliyopita. Mwanzoni Mrithi aliwatania hewani, akasema ni yeye, amekula sana. Sasa hataki kubaki studio peke yake, mlango anauwekea kiatu usijifunge. Mfagizi alikifunika kile kiti kwa kitambaa cheupe, na kila asubuhi tunakikuta kitambaa sakafuni. Meneja anasema ni feni. Meneja huyo huyo haingii tena studio, anatuma vikaratasi.

Nikueleze jambo la kazi yangu. Vipindi vyake vya Jumamosi tulirekodi mapema, kisha mimi nilivisafisha. Natoa kikohozi, natoa mlio wa kiti, natoa pumzi. Msikilizaji hataki kusikia mtu akipumua, anataka maneno. Kila nilichokata kilibaki pembeni kwenye kompyuta. Sasa nimezifungua zile pumzi nikaziunga moja baada ya nyingine. Dada, zinarefuka. Za mwanzo ni fupi, za mtu anayekimbilia kucheka. Za mwaka huu ni za mtu anayepanda ngazi na mzigo kichwani. Na mimi nilikuwa nakata, nafurahi kwamba kipindi kimetoka safi.

Halafu nikachukua rekodi za matangazo ya wiki hizi mbili, nikauchomoa ule ukimya wa kabla ya habari, nikaunga pumzi hizi mpya mwisho wa zile zake. Zinaendelea pale pale zilipokomea. Hizi ni ndefu kuliko zote.

Nadhani ananirudishia zile nilizomkata. Nazisikiliza nikila, nazisikiliza nikifanya kazi. Si mbaya, mtu anazoea. Wakati mwingine nalisikia lile neno lake, ila bila kicheko: Nakuona. Basi naona kweli nimeonekana, baada ya muda mrefu.

Kulala, silali sana. Watu wa mitambo ndivyo tulivyo.

Fundi


22 Machi

Filimbi,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Nimeogopa, na ninayemwogopa si Shangazi.

Hukumkata mtu pumzi. Ulisafisha kipindi, ndiyo kazi uliyoajiriwa. Dada yake wa tumbo moja, aliyempikia na kumfulia, hakujua maumivu yake yamefika wapi, utajua wewe kwa kupitia kioo? Acha kusikiliza vitu hivyo ukila. Ukila, tafuna.

Chukua likizo. Nenda hospitali, hata kama utasema ni usingizi tu umepotea. Daktari akikuuliza la pili, mwambie na la pili. Nina sababu zangu za kukwambia hivi, nitakueleza tukionana. Ningekuja leo, lakini nina sare za shule nzima za kumaliza, na mwalimu mkuu ananijia juu kila jioni. Mwezi ujao, nikikabidhi, nakuja.

Nijibu haraka.

Dada yako


26 Machi

Dada,

Usije, utachoka bure.

Nimefanya usafi nyumbani, nimepunguza vitu, vingine nakutumia kwa basi pamoja na barua hii. Saa ya ukutani ya mama ni yako, nimeisafisha, inakwenda vizuri. Viatu vyangu vipya mpe shemeji, miguu yetu ni sawa. Ile redio ndogo, ya kwanza niliyowahi kuifungua na kuifunga ikaimba tena, ni ya mpwa wangu. Flashi ni yako wewe. Humo mna pumzi zote, zake kwanza, halafu hizi mpya. Nataka abaki mtu mwingine anayezijua.

Nimetulia sana siku hizi. Hata Mrithi ameniambia nimetulia.

Mimi mzima.

Mdogo wako


28 Machi

Filimbi wangu,

Leo nimecheka mpaka mbavu zikauma! Shemeji yako amevaa viatu vyako na anatembea sebuleni huku na huku kama waziri anayekagua mradi. Binti yangu amelala na redio ubavuni. Na saa ya mama! Ile saa tuliyogombea baada ya mazishi yake, ukasema labda nikutoe meno ndiyo uniachie. Leo umenipa mwenyewe, imefungwa vizuri kwa shuka. Nimesema moyoni, huyu amepona. Umeandika umetulia, nami nimeshukuru Mungu, nimeshona siku nzima bila kukosea.

Flashi sijaisikiliza. Naiogopa, sikufichi. Kesho mchana nitaichomeka kwenye redio, wateja wakiwa wamejaa chumbani, nisiwe peke yangu.

Asante, mdogo wangu. Lakini mbona hukusema umekwenda kumwona daktari au bado?

Dada yako


29 Machi, ujumbe wa simu

Usiposhika simu basi soma. Nimesikiliza flashi. Huyo si Shangazi. Nimepiga mapokezi ya redio, mlinzi wenu anasema hujaja kazini. Nimemwomba aje kwako sasa hivi. Mfungulie, si lazima mzungumze, akae tu. Mimi nimeshapanda basi. Usiende popote. Nakuja.


29 Machi, ndani ya basi

Filimbi,

Herufi zinaruka, vumilia. Barua hii nitakupa mkononi, kwa sababu nikifungua mdomo nitalia, na wewe utaanza kunibembeleza mimi. Ndivyo ulivyo tangu utoto.

Mlinzi amenipigia. Amesema umemfungulia. Amesema amekaa kwenye ndoo kwa sababu viti hukubakiza. Mungu ampe maisha marefu yule baba.

Nilisikiliza mchana. Za mwanzo ni za mwanamke, ni zake, nakubaliana nawe. Zinasikitisha, nilitaka kumkumbatia mtu. Kisha zikaja hizi mpya. Ya kwanza nikashtuka. Ya pili nikasimama. Ya tatu nilizima redio, nikawaambia wateja waniletee maji, kwa sababu pumzi ile naijua kuliko ninavyoijua sauti yangu.

Ulipokuwa na miaka sita ulianguka na baiskeli yangu ukavunjika pua. Mama akasema itapona yenyewe. Ilipona upande. Tangu siku hiyo, ukitoa pumzi ndefu, mwishoni unasikika mluzi mwembamba, kama birika inayokaribia kuchemka. Unadhani nakuita Filimbi kwa sababu gani? Tulilala kitanda kimoja mpaka nilipobalehe, na mluzi ule ndio ulionibembeleza usingizi. Redioni ni mdogo, unamezwa na mlio wa habari. Kwenye flashi umetoka wazi. Wewe umewasikiliza watu wote kwa mashine zako, lakini hakuna mtu anayesikia pua yake mwenyewe.

Mitambo siijui. Najua tu kwamba una kipaza sauti chako hapo mezani, kile unachotumia kumwambia mtangazaji "bado dakika mbili". Nadhani ulipobadilisha zile nyaya wiki ya msiba, hujalala, hujala, machozi machoni, mmoja uliuchomeka pasipo pake. Nchi nzima ina wiki tatu inamsikia mgonjwa akihema, na sote tumemfanya mzimu. Mimi wa kwanza, na mkasi wangu. Shangazi hajarudi kukuchukua, Filimbi. Anayehema ni wewe, na wewe uko hai.

La pili. Unakumbuka nilipolazwa na homa ya matumbo baada ya kumzaa binti yangu? Haikuwa homa ya matumbo. Ilikuwa sonona. Nilimtazama mtoto kama mzigo niliowekewa na mtu aliyesahau kuurudia. Niliamka kila siku nikiona heri nisingeamka. Mama alikuwa akituimbia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na ni mama huyo huyo aliyewatangazia majirani homa ya matumbo! Nikaificha hata kwako. Nilipewa dawa, nikazungumza na daktari kila wiki. Mwanzoni niliona wananipotezea muda, hakuna kilichobadilika. Baada ya wiki kadhaa, siku moja, nikasikia njaa. Njaa ya kawaida tu. Nikala, nikamtazama mtoto, nikaona ana kidevu chako. Sikupona siku ile, lakini siku ile nilijua narudi.

Ndiyo maana wale wateja waliposema "angekuwa na shida angesema", niliuma uzi. Nilikuwa najua kwamba mtu hasemi. Na bado jana nimefurahia viatu vyako kama mjinga. Hakuna anayegawa viatu vipya kwa sababu ametulia. Uliandika "mimi mzima" ukasahau "hofu kwako", nami sikuona.

La tatu nakuuliza waziwazi. Unafikiria kujiua? Kama ni ndiyo, niambie ndiyo. Sitapiga kelele, sitauliza umekosa nini, sitasema jikaze wewe ni mwanamume. Tutakwenda hospitali pamoja, na sitaondoka mpaka useme mwenyewe niondoke, na hata hapo nitafikiria. Sauti isipotoka dirishani, nitakutajia jina mimi. Shangazi, maskini, alijulikana mno. Wewe hakuna anayeijua sauti yako. Hiyo ni bahati, tuitumie.

Kondakta anasema tunaingia. Naona mnara wa redio yenu, taa nyekundu juu.

Dada yako


4 Mei

Dada,

Mimi si mzima bado. Nipo.

Tangu urudi kwako nimejaribu mara kadhaa kuandika, nikafika kwenye salamu nikakwama, kwa sababu ile ya zamani sitaki kuiandika na mpya sikuwa nayo. Hiyo hapo juu ndiyo mpya.

Swali lako la tatu nilikujibu kwa kichwa tu, mlinzi akiwa amekaa kwenye ndoo. Nakujibu kwa maandishi: ndiyo. Siku ile nilikuwa nimeamua. Mlinzi alipogonga nilidhani ni yule anayesoma mita. Aliingia, akavua kofia, akaniuliza kama nina chumvi, kwa sababu amekuja na mayai yake ya kuchemsha na hawezi kuyala bila chumvi. Ndiyo maneno yake yote mpaka ulipofika. Sijui nani alimfundisha.

Dawa zinanikausha mdomo. Nalala. Mwanzoni nililala kama gogo, sasa nalala kama mtu. Daktari ni mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira, haniambii nijikaze. Ameniambia kwamba pumzi nilizomkata Shangazi hazikumuua, ugonjwa ndio uliomuua, na ugonjwa huo unatibika. Namwamini siku nyingine, siku nyingine simwamini. Amesema hata hivyo ni sawa, mradi nirudi Jumanne.

Nimerudi kazini nusu siku. Waya nimeukuta. Ulikuwa kama ulivyosema, umechomekwa tundu la jirani, kosa ambalo ningemfukuzia mwanafunzi. Nikamweleza meneja. Unajua alichosema? "Usiutoe kwanza, wasikilizaji wameongezeka." Mrithi, kijana yule niliyemwona mwoga, ndiye aliyesimama akasema yeye hatangazi tena mpaka neno lisemwe. Basi wiki iliyopita tulifanya kipindi. Daktari wangu alikuja, na dada yake Shangazi alikuja. Mrithi alikiondoa kitambaa akakaa kwenye kile kiti. Akasema hewani kwamba Shangazi Mapema alikuwa mgonjwa wa sonona, kwamba alijiua, kwamba angeweza kutibiwa, na kwamba aliyejifunika shuka leo kwa sababu ameshindwa kuamka si mvivu, amwambie mtu mmoja, aende hospitali. Dada yake alilia katikati. Alivuta pumzi ndefu sana kabla ya kuendelea. Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya kitufe. Sikuikata.

Jambo moja sijakwambia. Nimezipitia zile pumzi mpya tena, moja moja. Mluzi upo kama ulivyosema, nimeona aibu. Ila moja haina mluzi. Ni ya siku meza yangu ilikuwa imezimwa na mimi nilikuwa kantini. Fupi, ya mtu anayekimbilia kucheka. Nimemweleza daktari. Ameandika kitu, akasema tutaizungumzia Jumanne.

Sasa sikiliza, na usimwambie mtu. Waya nimeurudisha mahali pake, lakini kitufe cha kipaza sauti changu ninacho. Kila siku saa nne, kabla ya mlio wa habari, nitakifungua kwa pumzi moja. Ukiisikia, nipo. Usipoisikia, piga simu. Nitashika.

Mdogo wako,
Filimbi


19 Juni

Filimbi,

Nakuandikia wakati mikono imetulia.

Wiki zote hizi, ikifika saa nne, naondoa mguu kwenye cherehani. Wateja wameshajua, wananyamaza wenyewe, hawaulizi. Wimbo unakwisha, pumzi inakuja, mluzi nyuma yake, mlio wa habari unapigwa, naendelea kushona. Mwuza magazeti bado anasema ni Shangazi. Namwacha na Shangazi wake. Binti yangu akiwa nyumbani anasema, "Mjomba huyo," kisha anaendelea kuchezea bisibisi, maana ile redio ameshaifungua.

Jana saa nne wimbo ulikwisha. Ukimya ukaja. Nikangoja. Ukapigwa mlio wa habari.

Nimewahi kuogopa pumzi ile mpaka nikashika mkasi. Sikujua kwamba kukosekana kwake kunatisha zaidi. Chumba kilikuwa kile kile, jua lile lile, sare zimening'inia ukutani bila watu ndani yake, na mimi nilizitazama nikaona zote zinanitazama. Msomaji wa habari alikuwa anasema jambo kuhusu barabara. Nikachukua simu, nikakosea namba, namba ninayoijua kwa moyo, nikaanza tena.

Ikaita. Ikaita. Ikaita. Nikaanza kuvua kanda ya kupimia shingoni, nitafute viatu, nitafute nauli.

Ikashikwa.

Nyuma yako nilisikia watoto, benchi linaburuzwa, na mwanamke anaita kwa sauti ya kuchoka, "Anayefuata!" Nikakumbuka kwamba jana ilikuwa Jumanne, siku ya daktari wako, na safari hii foleni imekuchelewesha. Nikataka kukutukana, nakuapia, nilikuwa nimeshaliandaa tusi zima. Lakini kabla mmoja wetu hajasema neno, ulivuta pumzi, ukaitoa, na mwishoni ukaja ule mluzi, karibu kabisa, sikioni mwangu.

Nikakaa chini juu ya vitambaa. Nikakwambia, "Nakusikia. Nenda, ni zamu yako."

Dada yako